Ulipouliza Mara ya Pili

Kalemie, Ijumaa mchana

Anyesi mwanangu,

Barua huanza na salamu. Unaandika kwamba wewe ni mzima, hofu yako ni kwa yule unayemwandikia, na watu wote wa nyumbani wanamsalimu. Mstari huo nimeuandika mara mbili na mara mbili nimeukata, ndiyo maana karatasi hii ya kwanza ni chafu. Sitauandika mara ya tatu.

Utaikuta barua hii kwenye mfuko wa ndani wa koti lako la bluu, upande wa kushoto. Mfuko huo haukuwepo jana. Nimeushona leo asubuhi ulipokuwa unafua. Treni ina baridi, hasa ikisimama porini na hakuna anayejua imesimamia nini. Utavaa koti, utaingiza mkono, utaikuta. Nimetaka uisome ukiwa mbali na mimi. Hapa nyumbani ungeisoma umesimama, ungesema "Aksanti, Papa," nami ningesema "Haya," na tungeanza kutafuta kamba ya kufungia godoro.

Juu ya godoro na sufuria na chandarua siandiki kitu. Shangazi zako wamekwisha kusema yote, tena kwa sauti kubwa. Wewe ni mwalimu sasa. Kuchemsha maji unajua.

Umeenda kuaga kwaya. Mimi niko barazani, nimeondoa kitambaa juu ya mashini na kuweka karatasi za daftari mahali pake. Wanaopita wanafikiri ninaandika vipimo.

"Papa Fundi, jambo!"

"Jambo sana."

"Habari ya kazi?"

"Muzuri. Tunasukuma."

Umeona? Huyo alikuwa mama mmoja mwenye ndoo. Nimemjibu na kalamu haikusimama. Ukiniuliza ni mama gani, sijui.

Tangu utoto wako umenisikia nikijibu hivyo. Barabara yetu inashuka kwenda bandarini. Kila anayeshuka ananisalimu, na akipanda ananisalimu tena. Ningesimamisha mguu wa mashini kwa kila mmoja, hakuna suruali ambayo ingemalizika. Basi mguu ulishika kazi yake na mdomo ukashika yake. Zamani nilijivuna kwa hilo. Niliwaambia wanaojifunza kushona: fundi mzuri anasalimu mji mzima na mshono wake hauendi upande.

Ninachotaka kukuandikia ni juu ya neno hilo, "muzuri". Utasema ni kitu kidogo cha kupotezea karatasi. Kwangu mimi ndicho kilichonimaliza.

Nilizaliwa Mpala, hilo unajua. Kule salamu ilikuwa na hatua zake. Unauliza nyumba, unauliza watoto, unauliza shamba, unauliza kama ziwa limetoa samaki, ndipo unasema kilichokuleta. Nilikuwa na miaka kumi na miwili babu yangu alipokufa. Baba alinituma kwenda kumwita shangazi, upande wa pili wa misioni. Nilikimbia. Nikamkuta njiani anatoka shambani, kapu la mihogo liko kichwani.

"Habari ya kwenu, mutoto?"

"Babu amekufa."

Alianguka pamoja na kapu, mkono wake ukavunjika. Baada ya maziko baba aliniita mbele ya watu akanipiga kofi moja. Hakuwa mtu wa kupiga. Akaniambia: "Kwanza unajibu muzuri. Hata kama nyumba inaungua, unajibu muzuri. Muntu anatua mzigo, anakaa chini, anakunywa maji. Anakuuliza tena. Hapo njo unasema."

"Na kama haulizi tena?"

"Ataacha kuuliza namna gani? Anakuona umetoka mbali, unapumua kama mbuzi."

Watu walicheka, hata shangazi mwenye mkono uliofungwa. Nami tangu siku hiyo nikajua kwamba "muzuri" ni kiti unachompa mtu kabla ya kumwambia. Hiyo ndiyo sehemu niliyoshika. Sehemu nyingine, ile ya kuuliza tena, nilifikiri ni kazi ya watu wengine.

Sasa nafika kwa mama yako. Nisamehe kama mwandiko unabadilika, nimesimama kidogo nikanywa maji.

Unakumbuka mchezo wetu. Kila asubuhi alipokuwa anashuka ufukweni na beseni lake kuchukua ndagala kwa wavuvi, alisimama mbele ya baraza kama mteja asiyenijua.

"Fundi, jambo."

"Jambo, mama."

"Habari ya bibi yako?"

"Ni muzima, lakini ananuka samaki."

"Maskini! Mwambie akuache, kuna bwana kule sokoni anauza sabuni."

"Nitamwambia."

Kisha alikwenda zake, mabega yanatikisika kwa kicheko, beseni halitikisiki. Wateja wapya waliniuliza huyo mama ni nani. Niliwaambia ni mwanamke fulani ananisumbua kila siku.

Mwaka ule masomo yalikuwa karibu kufunguliwa. Nilikuwa na rundo la sare, mashati meupe na suruali za bluu, limefika kwenye dirisha. Asubuhi moja alisimama kama kawaida, tukasalimiana, akauliza habari ya bibi yangu, nikasema ni mzima lakini ananuka samaki. Akasema:

"Muzima kidogo tu."

Nilicheka. Nilifikiri ameongeza neno kwenye mchezo. Sikuinua kichwa, nilikuwa nikigeuza kola. Na wewe unajua, Anyesi, kwetu mtu akikuambia "kidogo" amekuachia mlango wazi. Unauliza: kidogo namna gani? Hata mtoto anajua hivyo.

Kesho yake alisema tena, kidogo tu. Siku ya tatu, ama ya nne, alifanya kitu ambacho hakuwahi kukifanya. Alitua beseni chini. Alitua mzigo, akasimama pale mikono mitupu, akasema: "Fundi, bibi yako ni muzima kidogo tu."

Nami nikasema: "Mwambie avumilie. Wiki ijayo sare zitaisha."

Aliinama, akajitwika tena, akashuka.

Mengine uliyaona kwa macho yako. Uliona jinsi alivyoacha kula, na jinsi alivyokuwa akishika tumbo alipofikiri hatumwangalii. Tulipompeleka hopitali zilikuwa zimepita wiki tatu. Lakini kuna kitu hukukiona kwa sababu ulikuwa nje ya mlango na termosi ya uji. Daktari aliuliza maumivu yalianza lini. Mama yako akajibu: "Tangu wiki ya sare. Nilimwambia fundi."

Hakusema kwa kunilaumu. Alisema kama mtu anayetaja siku. Daktari akaniangalia, akasema, "Na huyo fundi hakuwaambia ninyi?" Alifikiri fundi ni mtu mwingine.

Nilimwacha afikiri hivyo.

Mama yako aligeuza uso akaniangalia, akanyamaza. Alinifichia. Siku sita baadaye alikufa, na katika siku hizo sita sikumwambia neno juu ya hilo. Nilimuuliza asubuhi, "Umelalaje?" Alisema, "Muzuri." Nilikwenda kununua dawa nyingine.

Hilo nimelisema katika kitubio tu. Padiri alinipa sala, nikazisema zote, na ninaamini Mungu amenisamehe kwa sababu ndivyo alivyoahidi. Lakini padiri si mtoto wa mama yako.

Siku ya maziko niliamka mapema nikashona gauni lake. Shangazi zako walitaka kununua la kununuliwa, nikakataa. Kile kikwembe cha ndege wa njano, unakijua, alikuwa amekiweka kwa ajili ya Noeli. Nilikishona pale pale barazani. Sikukosea hata mshono mmoja. Nilipofika kwenye mikono ya gauni, Dede alipita na pikipiki yake ya kubeba abiria. Alikuwa ametoka safari, hajasikia.

"Papa Fundi! Habari ya kazi?"

"Muzuri. Tunasukuma."

"Na suruali yangu? Umeishona ama umeivaa?"

"Nimeivaa. Imenikaa kuliko wewe."

Akacheka, akaenda. Mikononi mwangu kulikuwa na gauni la kuzikia mke wangu, na mdomo ulitania. Mimi sikuwepo. Baadaye Dede alisikia huko mjini, akarudi kwa miguu anasukuma pikipiki imezimwa, akaketi kwenye kilio mpaka siku ya mwisho, hakuthubutu kuniangalia. Masikini, alifikiri amenikosea.

Kwenye kilio watu walisema pole, nikasema tumeshapoa. Waliimba, nikaitikia. Niliona bitana ya koti la mwenyekiti wa kartye imefunguka, nikawa nawaza rangi ya uzi. Nilingoja kulia. Sikulia. Watu husema huzuni ni nzito. Yangu haikuwa na uzito. Ilikuwa kama mkono uliolalia usiku kucha: unaugusa, unajua ni wako, lakini hauuhisi. Huu ni mwaka wa pili sasa, na mkono haujaamka.

Samahani, Dede mwenyewe amepita sasa hivi. Amesema, "Papa Fundi, unaandika barua ya mapenzi?" Nimesema ndiyo. Amesema, "Mwambie asikubali." Ameniambia pia kwamba treni ya kesho ni ya kweli, amewaona watu wanapakia, kwa hiyo atakuja kukuchukua mapema na mwenzake wa kubeba mizigo.

Nirudi kwetu wawili.

Tangu wakati ule mimi na wewe tumeishi kwa salamu. Umelamuka, Papa? Nimelamuka, na wewe? Nimelamuka. Habari ya masomo? Muzuri. Habari ya kazi? Muzuri. Mtu akitusikiliza kutoka nje angesema nyumba hii ina amani. Tuliheshimiana sana. Hatukugombana hata mara moja, na mtu na binti yake wasiogombana miaka miwili, kuna kitu.

Halafu siku ile ya bukari na sombe. Ulikuwa umepata barua ya kazi ya kufundisha Kongolo, hukuwa umeniambia bado. Ulileta chakula, ukakaa, ukauliza:

"Papa, habari?"

"Muzuri."

Hukuchukua tonge. Uliweka mikono yako miwili juu ya meza, ukasema, "Papa. Nimeuliza mara ya pili."

Nilikuangalia. Ulikuwa na uso wa mama yako siku ile alipotua beseni. Na mimi, mtu aliyepigwa kofi Mpala ili ajue hiyo ndiyo nafasi ya kusema, nilisema:

"Lete chumvi."

Chumvi ilikuwa mezani, Anyesi. Ilikuwa karibu na mkono wangu. Uliiona, nami niliiona. Uliinuka hata hivyo, ukaenda jikoni, ukakaa huko muda mrefu kidogo, ukarudi na kopo jingine la chumvi, tupu, ukaliweka mbele yangu. Tukala. Ukaniambia habari ya Kongolo, nikasema, "Muzuri."

Hukuuliza tena tangu siku ile. Sikulaumu. Hakuna anayelazimika kutua beseni mara mbili.

Kilichonitikisa ni kitu kingine, cha juzi. Nilikuwa ndani nakata kitambaa, wewe ulikuwa barazani. Wateja walipita wakakuuliza: "Anyesi, unaacha baba yako? Habari ya safari?" Ukawajibu, "Muzuri, aksanti. Tunasukuma." Sauti ilikuwa yangu. Hata kule kushuka kwa neno la mwisho kulikuwa kwangu. Niliacha mkasi. Nikaogopa, na nikashangaa kwamba ninaogopa, kwa sababu ilikuwa siku nyingi sijahisi kitu chochote.

Nikawaza: huyu anakwenda mahali ambapo hakuna anayemjua. Watamsalimu, atajibu vizuri sana, watamwita mwalimu mwenye adabu. Na siku atakapokuwa mzima kidogo tu, atasema kwa nani? Atapiga simu kwangu. Nami nitasema nini? Nitasema avumilie mpaka wiki ijayo?

Basi jana Dede alipofika, alinisalimu kama kawaida. Nikajibu muzuri. Sijui aliona nini usoni mwangu. Alizima injini.

"Papa Fundi, habari?"

"Nimeshakujibu."

"Mi nimezima pikipiki. Mafuta hayaungui sasa. Sema."

"Nimechoka, Dede."

Ni maneno mawili. Sikuyapanga. Alisema, "Haya. Njo ile nilikuwa nauliza," akaketi kwenye benchi. Hakunishauri kitu. Hakusema Mungu ni mwema, jambo ambalo ninalijua. Aliketi tu, anasafisha kucha na kipande cha waya, mpaka mteja alipomwita kutoka chini. Alipoondoka mkono haukuwa umeamka, sitakudanganya. Lakini kulikuwa na kama sindano moja, mbili, ile ya mkono unaotaka kuamka.

Leo asubuhi kwenye misa nilifanya vilevile kwa Mungu. Miaka yote hii nimekuwa nikimjibu kama ninavyowajibu wapita njia. Asante kwa yote, Bwana, asante kwa uzima, tunasukuma. Leo nilipopiga magoti nikasema, "Si muzuri." Sikusikia kitu kutoka juu. Lakini hakuondoka. Sijui nimejuaje, nakuambia tu kwamba hakuondoka.

Kwa hiyo hili hapa ndilo jibu la swali lako la mezani. Mama yako aliniambia, mara tatu, tena mara ya tatu alitua mzigo. Nilimsikia kwa masikio na sikuuliza. Daktari alipotafuta fundi nilijificha, na yeye akanisaidia kujificha. Kila siku tangu hapo nimekuwa nikikuona na kuogopa kwamba utajua. Kukuficha hilo kumenifanya nisiweze kukuambia hata mambo madogo, kwa sababu yote yanapita mlango mmoja. Habari yangu si nzuri, mwanangu. Sijalia bado. Nikikaa kwenye mashini bado ninasikia saa ambayo alikuwa akipita, na mguu unapunguza mwendo wenyewe.

Hukosi haki ya kunikasirikia. Ukikasirika, kasirika ukiwa Kongolo, uchukue muda unaotaka. Sitakuandikia kukuomba uharakishe.

Kesho kwenye gare, treni ikingoja, hutaona tofauti. Ninajifahamu. Kutakuwa na watu wengi, shangazi zako watalia, Dede atapiga kelele na wapakiaji. Mimi nitasema "Safari njema" na "Wasalimu watu wa kule," na utaniuliza, "Papa, utakuwa muzuri?" na mdomo utajibu kabla yangu. Usiuhukumu. Jibu langu litakuwa kwenye koti lako.

Halafu Jumapili, baada ya misa, nitakupigia. Nitauliza habari. Utasema muzuri, ndivyo inavyopaswa, mtu lazima apewe kiti. Halafu utasikia kimya kwenye simu. Usiseme "alo, alo". Usiikate ukafikiri ni mtandao.

Ni mimi. Nimesimamisha mashini, nimekaa, nangoja uniambie.

Papa yako